BARUA YA MTU NI AMANA: MAJIMBO YA MAREKANI NA WIZI WA POSTA



Mtu akipita njiani akaona kifurushi kimewekwa kwenye baraza ya nyumba, na mwenyewe hayupo, ana mambo mawili tu ya kufanya. Akiache, au akilinde mpaka mwenyewe arudi. La tatu ni wizi, na wizi hauna jina la heshima. Haya tuliyafundishwa na wazee wetu kabla hatujajua kusoma, na kwa hivyo twaweza kushangaa kusikia kwamba katika nchi kubwa kama Marekani majimbo yamelazimika kukaa katika mabaraza yao, miaka hii ya karibuni, kutunga sheria ya kuwaambia watu jambo hilo hilo.

Lakini tusiwe wepesi wa kucheka. Jambo hili lina maana kubwa kuliko linavyoonekana, nalo latuhusu sisi pia. Tulitazame tangu mwanzo.

Posta ya Marekani ilizaliwa katika kupigania uhuru. Kabla ya hapo makoloni yale yalikuwa chini ya posta ya Mfalme wa Uingereza, na wapigania uhuru hawakuiamini. Waliogopa kwamba barua zao zingefunguliwa na maofisa wa Mfalme, na siri zao zingefika London kabla hazijafika kwa ndugu zao. Ndipo mwaka 1774 mpiga chapa mmoja wa Baltimore, William Goddard, akaanza kuunda posta ya wananchi wenyewe. Mwaka uliofuata, tarehe 26 Julai 1775, Baraza la makoloni lilianzisha posta yake na kumweka Benjamin Franklin kuwa mkuu wake wa kwanza. Huyu Franklin alikuwa amefukuzwa katika posta ya Mfalme mwaka 1774, kwa sababu alipeleka Amerika barua za Gavana Hutchinson wa Massachusetts ambazo hazikuwa zake. Kwa hiyo hata yeye alijua vizuri sana barua ya mtu ina nguvu gani ikiangukia mikono mingine.

Tazameni basi: watu wale hawakungoja kupata uhuru ndipo wajenge posta. Walijenga posta ili wapate uhuru. Walijua kwamba watu wasioweza kuandikiana kwa salama hawawezi kushauriana, na wasioweza kushauriana hawawezi kujitawala.

Walipojitawala, sheria yao ya posta ya mwaka 1792, iliyotiwa sahihi na George Washington, ilikuwa kali kuliko tunavyoweza kufikiri leo. Kumnyang'anya tarishi mfuko wa posta kulikuwa kosa la kifo. Adhabu hiyo ililegezwa baadaye, wala sisi hatuililii irudi. Twaitaja ili msomaji ajue kwamba waanzilishi wa taifa lile hawakuihesabu barua kuwa karatasi. Waliihesabu kuwa amana ya taifa.

Leo sheria ya Serikali Kuu ya Washington yasema kwamba mtu anayeiba barua katika sanduku, au katika ofisi ya posta, au kwa tarishi, aweza kufungwa hadi miaka 5. Anayemnyang'anya tarishi kwa nguvu aweza kufungwa hadi miaka 10, na akiyahatarisha maisha yake adhabu yafika miaka 25. Sheria ni nzuri. Basi kwa nini majimbo yakaona haja ya kutunga nyingine?

Sababu ni mbili.

Ya kwanza ni kwamba sheria ile ya Washington ilitungwa kwa ajili ya posta ya Serikali. Lakini siku hizi vitu vingi vinavyofika nyumbani kwa Mmarekani haviletwi na mtu wa posta. Vinaletwa na makampuni: UPS, FedEx, Amazon. Dereva anashuka, anaweka kifurushi barazani, anapiga picha, anaondoka. Mwenye nyumba yuko kazini. Kifurushi kinakaa pale mchana kutwa kikimngoja. Wezi wameijua njia hiyo, na Wamarekani wamewapa jina: maharamia wa barazani. Basi ikawa kwamba vifurushi viwili vimekaa sakafu moja, mlango mmoja, vyote mali ya mama mmoja. Kimoja kimeletwa na posta, cha pili kimeletwa na kampuni. Mwizi akichukua cha kwanza ni kosa kubwa la taifa. Akichukua cha pili, na bei yake ikiwa ndogo, ni kosa dogo kama la kuiba embe sokoni. Mama yule amepoteza vyote viwili, naye haoni tofauti.

Sababu ya pili ni kwamba katika Marekani kesi nyingi za jinai ziko mikononi mwa majimbo. Polisi wa mtaani ni wa mji au wa wilaya, na mwendesha mashtaka wake ni wa jimbo. Waendesha mashtaka wa Washington wana kazi kubwa kubwa. Hawatamfuata kijana aliyechukua barua sita katika mtaa mmoja. Na yule wa jimbo, kama sheria ya jimbo lake haisemi neno juu ya barua, atamshtaki kwa wizi wa kawaida, kwa kuhesabu bei. Na bei ya barua ni nini? Karatasi na stempu. Ndani yake huenda mlikuwa na hundi, au cheti cha kuzaliwa, au kadi ya kupigia kura, lakini mizani ya bei haioni hayo.

Basi majimbo yakaanza kuziba pengo, kila moja kwa njia yake. Michigan ilitunga sheria yake mwishoni mwa mwaka 2018, na mwanzoni mwa 2019 ikaanza kutumika: kosa la kwanza, kifungo kisichozidi mwaka 1, la pili ni kosa kubwa, na kifungo chaweza kufika miaka 5. Texas ilifuata, na sheria yake ikaanza tarehe 1 Septemba 2019. Kentucky mwaka 2022 ilikuwa tayari na sheria ya wizi wa barua za posta. Ikaipanua iingize na vifurushi vya makampuni, na wizi wa vyote ukawa kosa kubwa la kifungo cha mwaka 1 hadi 5. Pennsylvania ilitunga yake Desemba 2023, na huko mtu akirudia mara ya tatu ni kosa kubwa bila kutazama bei. Florida ikafuata mwaka 2024.

Katika hizo zote, twapenda wasomaji waitazame zaidi sheria ya Texas, kisha waiweke kando ya ile ya Florida. Ndipo tutakapoona njia mbili za kufikiri, na ndipo maoni yetu yalipo.

Sheria ya Texas haiulizi, "Kitu hiki ni cha dola ngapi?" Yauliza, "Umewaibia watu wangapi?" Mtu akiiba barua au vifurushi vya watu wasiofika 10, aweza kufungwa hadi mwaka 1 na kutozwa hadi dola 4,000. Akiwaibia watu 10 na zaidi wasiofika 30, ni kosa kubwa, na kifungo chake ni siku 180 hadi miaka 2. Akiwaibia 30 au zaidi, ni miaka 2 hadi 10. Tena, akiwa amezichukua ili atumie jina na namba za mtu mwingine kufanya udanganyifu, adhabu yapanda. Na akijua kwamba mwenye barua ni mzee au kilema, yapanda vilevile.

Hii, ndugu zangu, ndiyo sheria yenye akili. Yahesabu watu badala ya dola. Mzee maskini anayengojea kopo la dawa na tajiri anayengojea saa ya dhahabu wamesimama mbele yake sawa sawa. Na hapa dawa si mfano wa kubuni. Askari wengi waliopigana vita vya Marekani, ambao sasa ni wazee na wagonjwa, hupata dawa zao kwa posta. Yapata asilimia 80 ya dawa wanazoandikiwa na idara yao wakitibiwa bila kulazwa huwafikia kwa njia hiyo. Mwizi hajui alichokibeba. Huenda akafungua akaona vidonge asivyovihitaji, akavitupa mtaroni. Kwake havina bei. Kwa mwenyewe ni uhai wa mwezi mzima.

Sasa twende Florida. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, mtu akichukua kitu cha dola 40 au zaidi katika nyumba ya mtu au katika uwanja unaoizunguka, ni kosa kubwa la jinai, na aweza kufungwa hadi miaka 5. Dola 40! Hiyo katika Marekani ni bei ya viatu vya mtoto. Twaelewa hasira ya watu walioibiwa. Lakini mtu akihukumiwa kwa kosa kubwa katika Florida, hapotezi uhuru wake peke yake. Apoteza na kura yake. Mwaka 2018 wananchi wa jimbo lile, kwa wingi wa karibu watu 65 katika kila 100, walipiga kura kwamba mtu aliyekwisha kutumikia adhabu yake arudishiwe haki ya kupiga kura, isipokuwa kwa makosa ya kuua na ya kunajisi. Mwaka uliofuata baraza la jimbo likaongeza sharti: kwanza amalize kulipa faini na gharama zote za mahakama alizohukumiwa. Basi kijana maskini aliyechukua kifurushi cha dola 40 aweza kukaa miaka mingi bila kura kwa sababu hana fedha ya kulipa deni la mahakama.

Sisi tuliojifunza thamani ya kura kwa kunyimwa kura, hatuwezi kulipita jambo hili kimya. Wakati wa ukoloni sisi pia tuliambiwa kwamba kura ni ya mwenye mali na mwenye mshahara wa kiasi fulani. Hatukukubali. Hatuwezi leo kuisifu sheria inayompokonya mtu sauti yake kwa jozi moja ya viatu.

Wako watakaosema, "Mwizi ni mwizi. Akiogopa kupoteza kura yake asiibe." Neno hilo lina ukweli ndani yake, nasi hatumtetei mwizi. Aadhibiwe. Arudishe alichoiba, atumikie kifungo kinachopimana na kosa lake, na akirudia aongezewe, kama walivyofanya Michigan na Pennsylvania. Lakini sheria ikiwaweka katika kapu moja kijana wa kifurushi kimoja na genge lililoiba barua za mtaa mzima, imewaonea wote wawili. Imemwonea mdogo kwa kumpa mzigo wa mkubwa, na imempendelea mkubwa kwa kumtia katika kundi la wadogo ambamo hataonekana.

Na wakubwa wako. Wezi wa kutisha katika Marekani leo hawavizii barazani tu. Wanavizia masanduku ya posta ya njiani na matarishi wenyewe. Matarishi wengi hubeba ufunguo mmoja unaofungua masanduku mengi ya eneo zima. Mwenye ufunguo huo ana barua za watu maelfu. Ndiyo maana wanawategea matarishi kwa bastola. Katika mwaka wa serikali wa 2022 matarishi 412 walinyang'anywa wakiwa kazini. Mwaka 2023 wakafika 643. Kinachotafutwa hasa ni hundi. Wanaiosha hundi kwa dawa mpaka wino unatoka, kisha wanaandika jina jingine na fedha nyingine. Mwaka 2022 mabenki na vyombo vingine vya fedha yalitoa taarifa zipatazo 680,000 za udanganyifu wa hundi, karibu mara mbili ya mwaka uliotangulia, na Wizara ya Fedha ya Marekani ikatoa onyo kwamba wizi wa posta ni chanzo kikubwa.

Sasa tuulize swali ambalo kila mwanachama wa chama cha wafanyakazi angeuliza. Ni nani aliyekuwa akiwalinda matarishi hawa? Posta ya Marekani ina askari wake wenye sare. Mwezi wa Agosti 2020, wakuu wa upelelezi wa posta waliamua kwamba askari hao walinde majengo na viwanja vya posta tu, wasifuatane na matarishi mitaani. Miaka miwili baadaye idadi ya kunyang'anywa imepanda namna tuliyoiona. Hatusemi kwamba hiyo ndiyo sababu pekee. Twasema kwamba ni ajabu kumwondoa mlinzi njiani kisha kuongeza kifungo cha mwizi. Mwaka 2023 posta ilitangaza kwamba itabadilisha kufuli 49,000 za zamani, na kuweka masanduku mapya 12,000 yaliyo imara zaidi. Hiyo ni hatua njema. Kufuli imara haimnyimi mtu kura, wala haihitaji hakimu. Kinga ni bora kuliko tiba.

Na makampuni yanayoleta vifurushi, je, yana wajibu gani? Sheria za majimbo zimewapa ulinzi wa polisi, mahakama na magereza, yote kwa kodi ya wananchi. Twauliza kama wao wamewajibishwa vya kutosha wasitupe mali ya watu barazani na kukimbilia nyumba inayofuata. Dereva hana kosa. Yeye amepangiwa vituo vingi na saa chache. Kosa ni la anayempangia. Mtu anayeweka amana mahali wazi kwa sababu kungoja kunampunguzia faida, asiwe wa kwanza kulilia jela.

Jambo la mwisho, nalo kwetu ndilo kubwa. Mwizi wa barua si lazima awe kijana mwenye kofia iliyofunika macho. Aweza kuwa ofisa aliyekaa kitini. Sheria ya Washington yakataza mtu yeyote kufungua barua ya mwenzake kabla haijamfikia mwenyewe ili kuchungulia mambo yake. Na mwaka 1878 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Jackson, ilisema kwamba barua iliyofungwa ina ulinzi ule ule kama karatasi zilizo ndani ya nyumba ya mtu. Serikali yenyewe haina ruhusa kuifungua bila hati ya mahakama. Hilo ndilo jiwe la msingi. Sheria inayomshika mwizi wa barazani ikamwacha mchunguzi wa siri afungue barua za raia, hiyo imeshika mkia ikaacha kichwa. Wazee wetu wa Afrika Mashariki wanalijua hili. Wale waliowekwa kizuizini Kenya katika miaka ya Hali ya Hatari, 1952 hadi 1960, barua zao zilipita chini ya macho ya maofisa kabla ya kuwafikia wake zao.

Sasa, yatuhusu nini sisi?

Kwa miaka mingi barua zetu zimekwenda katika sanduku la posta, na mtu huenda mwenyewe na ufunguo wake. Baraza zetu hazikuwa na vifurushi vya kulindwa. Lakini mambo yanageuka. Mwaka 2022 Serikali ya Tanzania iliendesha operesheni ya anwani za makazi. Mitaa ikapewa majina na nyumba zikapewa namba. Maana yake ni kwamba mzigo utamfuata mtu mlangoni. Tayari vijana wa bodaboda wanapeleka vifurushi mijini, na tangu zamani twatuma mizigo kwa mabasi, tukimkabidhi kondakta dawa za mama na karo ya mtoto, kwa kuaminiana tu. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, iliyoanza wakati wa Waingereza, mwaka 1945, inalo neno juu ya wizi wa vitu vya posta. Lakini kifurushi cha bodaboda na bahasha ya kondakta je? Mama aliyeko kijijini hatauliza kama dawa yake ilibebwa na posta au na basi. Atauliza imekwenda wapi.

Basi tujifunze kwa wenzetu kabla hatujaungua. Tukitunga sheria, tuitunge kama Texas, tuhesabu watu walioumizwa. Tuilinde amana kwa usawa, kama Kentucky, bila kujali nani ameibeba. Tusiige Florida. Tumlinde mbebaji kabla ya kumwandalia mwizi selo. Na tuiandike sheria hiyo hiyo imfunge na ofisa atakayefungua barua ya raia bila haki.

Kila mmoja wetu aanzie mtaani kwake. Ukiona kifurushi cha jirani mlangoni naye hayupo, kichukue ukiweke ndani kwako, na jioni ukampe. Umoja wetu hujengwa kwa mambo madogo ya namna hiyo, wala hayahitaji kungoja Bunge.